Mtu Aliyeniondolea Uvimbe

Wengine wakisikia haya huniuliza nilikuwa nimetafuna nini siku hiyo. Sikutafuna kitu, miraa ilikuwa haijafika mjini. Na ningekuwa mtu wa kutunga, ningetunga jambo la kunipa heshima, si jambo linaloanzia ndani ya kikoi changu. Kaa basi nikueleze. Mambo yalikuwa hivi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi ni mtu wa kando ya ziwa. Kwetu wazee waling'oa meno ya chini, sehemu nyingine wakamwachia Mungu kama alivyoziumba. Nilifika Garissa nikiwa taniboi wa lori la ng'ombe, nikabaki, nikawa dalali katika soko la mifugo. Dalali hana mbuzi hata mmoja. Ana ulimi na ana vidole. Nilijulikana kwa kuhesabu kila kundi mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya mwenye mali, mara ya pili kwa ajili yangu.

Halafu nikampenda Halima, aliyeuza maziwa ya ngamia langoni mwa soko. Baba yake, Mzee Hirsi, hakunifukuza. Alitaka niingie katika dini, nitahiriwe, nipone, ndipo anipe binti. "Lakini kabla ya mwezi wa Ramadhani," akasema. "Iko kijana wa ndugu yangu huko Banissa, anangoja. Na yeye alibona tangu mtoto."

Shahada niliitamka bila shida. Kisu ndicho kilichokuwa na maneno. Katika zahanati niliketishwa benchi moja na watoto wadogo, na mmoja wao akaniuliza nimemleta nani.

Kidonda kilifunga vizuri. Uvimbe ndio uliokataa kuondoka. Chini ya mshono ilibaki pete ya nyama, laini, imejaa maji, kama andazi lililozidiwa hamira. Daktari alisema mtu mzima huchelewa, mwili una saa zake. Nivae nguo ya kubana, nisitembee sana, nisibebe kitu. Dalali asiyetembea ni nani kama si mwombaji? Mchana kutwa nilizunguka mazizi nimepanua miguu kama bata, jioni uvimbe umeongezeka. Niliukagua kwa kioo cha kunyolea, kisha nikaukagua tena, huenda mara ya kwanza nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Soko lilicheka. Aliyecheka kuliko wote ni Abdi, kaka yake Halima, dalali mwenzangu.

"Shemeji, hii ni mimba," aliniambia mbele ya watu. "Ukizaa dume nibe mimi."

Lakini ni huyo huyo Abdi aliyenichemshia maji ya chumvi kila jioni, akageukia ukutani nikijiosha. "Bole bole, shemeji. Hata ngamia hainuki mara moja."

Shaabani ikawa inakwisha, Ramadhani inabisha hodi. Adhuhuri moja soko lote lilikwenda msikitini. Kusujudu kuliniuma, kwa hiyo nilikuwa nikisali kwa kukaa nyuma ya safu, na watu hugeuka kutazama. Siku hiyo niliona aibu, nikabaki kivulini chini ya jukwaa la kupakilia ng'ombe. Jua la Garissa saa hiyo, amini usiamini, hata inzi hupumzika.

Akaja mtu mrefu, ndevu za hina, shuka begani, mkononi kamba isiyo na mnyama. Akanisalimia, akasema anatoka upande wa Lafey. Sasa sikiliza vizuri. Watu wa huko p kwao ni b. Huyu p yake ilikuwa p, na kila neno lilikaa mahali pake kama la mtangazaji wa redio. Ningepaswa kuinuka. Wewe ungeinuka, kinena kinawaka moto na kivuli ni hicho hicho kimoja?

"Naona umebeba kitu usichokitaka," akasema. "Nikuondolee?"

"Wewe ni mganga?"

"Mimi ni mtu wa soko, kama wewe." Akanyoosha shuka lake juu ya mkono wake wa kulia.

Lazima nikueleze hapa. Kwetu sokoni bei haitajwi. Mnunuzi na muuzaji huingiza mikono chini ya shuka, wakabanana vidole mpaka wakubaliane, na walio karibu hawajui kitu. Lakini kabla mikono haijaingia, kwa mdomo mnasema kidole kinahesabu nini: mamia, maelfu au vichwa vya mbuzi. Hata mtoto anayechunga anajua hilo. Mimi, wa kuhesabu mara mbili, niliingiza mkono bila kuuliza. Nilidhani ni mganga wa kulipwa mbuzi kama waganga wote.

Alinibana vidole vyote vitano. Nikacheka, nikambana kimoja. Akaja vinne. Nikakataa. Mkono wake ulikuwa baridi kama ndani ya mtungi, na nilipovipapasa vidole vyake mara ya kwanza vilikuwa vitano. Mara ya pili sikufika mwisho. Hilo nalo nililipuuza, maana bei ilikuwa inashuka. Tulifunga kwa viwili.

"Nikuletee wapi?"

"Usilete. Nitakuja kuchukua mwenyewe."

Moyoni nilicheka. Atachukua nini kwa mtu asiye na mbuzi?

Watu waliporudi kutoka msikitini niliwauliza. Njia ni moja, na hakuna aliyepishana naye. Kufikia alasiri kikoi kilikuwa kimelegea. Nikaenda chooni, nikatazama, nikatazama tena. Uvimbe haukuwepo. Jioni nikamwonyesha Abdi, kama fundi aliyemaliza kazi.

"Mashallah," akasema. Kisha akakunja uso. "Imeenda wabi?"

Alfajiri Abdi hakuweza kuvaa ndara. Mguu ulijaa maji, ukafika gotini, ukapanda pajani. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Hospitali walimpa dawa, wakabadilisha dawa, wakasema tumrudishe nyumbani. Niliketi naye, zamu yangu sasa kuchemsha maji ya chumvi. Hayakusaidia kitu.

"Shemeji," aliniambia, "iko mtu habo mlangoni na kamba. Mwambie mimi sio mbuzi."

Nikageuka. Mlangoni palikuwa na jua tu. Hapo ndipo nilipojua kile tulichokuwa tukihesabu chini ya shuka.

Adhuhuri nilikimbia sokoni, nguvu za kukimbia ninazo, mwili wangu mzima. Alikuwa amesimama ng'ambo ya mazizi. Nikamwambia anirudishie uvimbe wangu, na faida juu yake. Aliinua kidole kimoja, kile kilichobaki, akaingia katikati ya ng'ombe waliotoka Ijara, nao wakampisha. Niliporudi, walikuwa wanamwosha Abdi.

Mzee Hirsi alitimiza neno lake. Alitufungisha ndoa kabla ya mwezi kuandama, bila ngoma. Alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Mungu amechukua mmoja, amenibatia mwingine." Nilisema amina. Ungesema nini?

Miezi ikapita. Dereva mmoja wa lori akaniletea habari kutoka nyumbani: mama yangu amevimba miguu. Nilisema Alhamdulillah, kwa sauti, Halima akiwa amesimama karibu yangu na chungu cha maziwa. Akaingia nacho ndani. Usiku ule nililala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mama ni mzee, nilijiambia, na si Halima, na hesabu imefungwa.

Baadaye dereva yule akarudi. Mama amepona, anatembea, anauliza kwa nini sikuja kumwona.

Leo nina watoto. Kila asubuhi kabla hawajavaa viatu nawabonyeza vifundo vya miguu, kisha nawabonyeza tena. Halima pia. Mzee Hirsi huniona, hucheka, husema watu wa ziwa wanabenda watoto sana.

Basi nisikilize wewe unayekuja Garissa kununua mifugo. Utanikuta pale pale sokoni, na mimi ni dalali mzuri, bei zangu ni za kweli. Nunua, lipa, ondoka. Abdi hakunikosea lolote, alikuwa karibu nami tu. Nikikuchangamkia mno, nikakuita ndugu, nikakushika mkono nikikukaribisha ulale kwangu na ule na watoto wangu mpaka uwe kama mtu wa nyumbani, usidhani ni ukarimu. Panda lori lako uende.