Mshipa wa Kushoto

Mpiga picha za moyo hospitalini, wenzake walimbandika jina Mama Giza, kwa kuwa chumbani mwake taa huzimwa kutwa nzima, na uso wake haukuwa na mwanga kushinda chumba. Miaka kumi na tisa aliwapaka watoto ute wa baridi kifuani akaitazama mioyo yao ikidunda kwenye skrini, na hakuna daktari aliyempenda.

Asubuhi hiyo aliletewa kichanga cha miezi mitatu, kimekonda, kinatoka jasho kama mchukuzi wa magunia. Mama mtu aliingia na wifi yake, na huyo wifi mdomo haukuwa na breki.

"Maziwa yake ndiyo mabaya. Mtoto akinyonya tu, kilio! Kwetu hatuzai watoto wa hivi."

"Wifi, nyamaza basi."

"Ninyamaze nini? Kaka yangu kajitakia."

"Wewe," Mama Giza akasema bila kugeuka, "ukitaka wa kuongea naye, nje kuna ukuta."

Daktari akaingia na ripoti imeshaandikwa: msuli wa moyo umechoka, apewe dawa, arudi nyumbani. Ilibaki saini ya mpiga picha.

"Saini, mama. Foleni imefika getini."

"Sijaona mshipa wa kushoto unaolisha moyo unakoanzia."

"Si unauona huo hapo?"

"Naona unapita. Unakotoka sijaona."

"Unanifundisha kazi?"

"Ungefundishika, ningejaribu."

Kisha akamgeukia mama mtu. "Mnyonyeshe, mwanangu. Hapo hapo kitandani."

Wenzake wote hutaka mtoto atulie. Yeye, akiwa na shaka, humtaka anyonye, moyo ufanye kazi auone unavyohangaika.

"Tunapoteza muda!" daktari akafoka.

Mtoto akavuta mara tano, jasho likamtiririka, akaachia titi na kupiga yowe. Mama Giza akainamisha kifaa taratibu. Rangi zikaonyesha: damu ya mshipa ule ilikuwa ikirudi nyuma, ikimwagikia kwenye mshipa wa mapafu. Mshipa wa kushoto ulikuwa umeota kwenye huo wa mapafu, mahali pasipo pake. Moyo ulikuwa ukinyang'anywa chakula chake, na kila akinyonya ulimuuma.

Daktari akatazama. Akatazama tena. Akachana ripoti.

"Huyu ni wa kupasuliwa," akasema. "Wiki hii hii."

"Na ulikuwa unamrudisha nyumbani."

"Nimesikia!" Akaandika rufaa, kalamu nusura itoboe karatasi.

"Kwa hiyo si maziwa?" wifi akauliza.

"Si maziwa," Mama Giza akajibu. "Muombe radhi mwenzio."

Wifi akabetua midomo, akatoka. Mama mtu, machozi yakimlenga, akataka kumshika mkono Mama Giza. Naye akauondoa.

"Asante haimtibu. Chukua karatasi, wahi gari la wagonjwa. Anayefuata!"