Masizi Bwawani kwa Bibi

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa maji, katika bonde letu nje ya Songea, hakukuwa na kosa lililozidi kuchovya chungu cha masizi bwawani. Maji, alisema Bibi, hayapendi harufu ya moto, yakiinusa, yanahama. Bwawa lilikuwa lake, walilichimba na marehemu Babu nyuma ya nyumba, na alilitunza kuliko alivyotutunza sisi. Kila asubuhi alizoa majani kwa tunga kuukuu. Matete aling'oa nusu, nusu akawaachia vyura. Mbuzi walinyweshwa pembeni. Mimi nilichota kwa kibuyu tu, na hata hicho alikikagua kwanza.

Kisha vikaja vita vya Maji Maji. Watu walinyunyiziwa maji ili risasi zisiwadhuru, na serikali ya Mdachi, ambayo haikuiamini dawa hiyo hata kidogo, ikaanza kuyaogopa maji. Siku moja jirani yetu alifika akihema. Ng'ambo ya kilima, alisema, askari wamefukia kisima kwa mawe na mwenye kisima wamemfunga kamba.

"Kwa kosa gani?" Bibi aliuliza.

"Kisafi mno. Wanasema maji safi namna ile lazima yana kazi yake. Na huku wanakuja."

Bibi alitazama bwawa lake. Ungeweza kuhesabu mawe ya chini. Akakaa, akasimama, akaenda kuchungulia njia, akarudi.

"Mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo alivyozoea kunitania, "lete vyungu. Vile vyeusi."

"Vyote?"

"Vyote. Na usinitazame hivyo."

Tulivisugua ndani ya maji mpaka mikono ikawa kama ya wahunzi. Akamwagia na samadi ya mbuzi. Mimi kila mara niligeuka kuangalia kama maji yameanza kuondoka.

Mchana walifika: Mdachi mmoja mwenye daftari, mkalimani, na askari wanne.

"Bwana anauliza, haya ndiyo mnayokunywa?"

"Ndiyo haya, baba. Mwambie karibu, kibuyu kipo."

Yule bwana aliziba pua kwa kitambaa, akaandika kwa muda mrefu, wakaondoka. Nadhani mahali fulani lipo jalada linaloshuhudia kwamba bwawa letu halikuwa na hatia.

Baadaye nyumba za bonde zilichomwa, tukakimbilia milimani. Tuliporudi, msimu mzima ulikuwa umepita bila mtu kuzoa hata jani moja. Tulikuta matete yamelijaza bwawa, na tope limepasukapasuka. Chura hata mmoja hakulia.

"Yamehama," Bibi alisema. "Nimeyafukuza mwenyewe."

Akainama, akaanza kung'oa matete. Nusu tu.

Leo najua kwamba bwawa lisilosafishwa hufa bila msaada wa masizi. Mara nyingi nilitaka kumwambia hivyo, nikaacha. Nyumba, ghala na shamba vyote viliharibiwa na wengine. Hilo moja alitaka liwe kazi ya mkono wake. Nami, kwa elimu yangu yote, sijawahi kwenda kuchota maji bila kwanza kupindua chombo na kukitazama chini.