Kura za Nyumba Yangu

Mimi skuli sikukaa. Nilianza kwa kubeba mabati mtaani Ruwi, na leo nna karakana yangu ya madirisha ya alumini na nyumba mtaani Bawshar niliyoijenga mwenyewe. Kitu sikiamini mpaka nikigonge kwa ngumi. Basi waliposema kura ya kuchagua wajumbe wa baraza la Shura siku hizi hupigwa kwa simu, niliuliza: hiyo kura nitaigonga wapi?

Mwaka huo mtoto wa ami yangu aligombea. Alikuja kunywa kahawa, akala mkate wa kumimina wa mke wangu nusu sahani, na mimi nikampa neno langu mbele ya watu: kura za nyumba hii zote zako. Zamani ilikuwa kazi nyepesi. Nikiwapakia watu wangu garini, njiani nikiwaambia wamchague nani, yamekwisha.

Siku ilipofika nikakusanya vitambulisho, changu, cha mke wangu na cha binti yangu, nikaviweka kwenye sinia ya kahawa. Nikaanza na changu. Simu ikataka kitambulisho kigusishwe mgongoni mwake, kisha ikataka kuniona uso. Ikanikataa. Binti yangu akaja kuniambia nivue miwani, tena nisiitazame kama nnamkaripia fundi. Nikalegeza uso, ikanikubali, nikampa mtoto wa ami kura yake.

Binti akarudi jikoni. Nikachukua kitambulisho cha mke wangu. Simu ikataka uso wake, nikaipa wangu. Mke na mume si kitu kimoja? Ikakataa. Nikaitegea picha yake iliyopo ukutani, aliyopigwa harusini kwa binti yetu mkubwa, kajipamba. Ikakataa. Nikamwita, akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Njoo uoneshe uso mara moja, kisha urudi kwenye chungu chako."

"Uso nnao mimi, bwana. Na kura nnayo mimi."

Akachukua kitambulisho chake na cha binti, wakaingia chumbani, wakafunga mlango. Nikawasikia wanacheka.

Jioni mtoto wa ami akapiga simu kuuliza. Nikamwambia kura moja nna hakika nayo. Nyengine amuulize aliyempikia ule mkate. Alimuuliza. Mpaka leo hajajibiwa, wala mimi.

Lakini barazani mtu akisema kura za simu zinaibika, mimi ndiye wa kwanza kumkatiza. Nimejaribu mwenyewe, ndani ya nyumba yangu, mchana kweupe, na sikuweza.