Herode Alikufa Kabla ya Kristo?

Kosgei alikuwa mkamuaji katika shamba la mzungu mmoja karibu na Njoro, na kila Jumamosi alasiri alifundisha darasa la ubatizo ndani ya banda la kukaushia pareto. Mwaka ulikuwa 1955, wakati wa Hali ya Hatari, na mikutano yote ilitiliwa shaka. Bwana mwenye shamba aliwaruhusu wakae mpaka kengele ya kukamua, basi. Asionekane mtu hapo baadaye.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya mwisho. Kesho yake mchungaji angekuja kuwabatiza mtoni, na wa kuongoza safu alikuwa Mzee Kemboi, babake Jepkoech, mke wa Kosgei. Mzee huyu alikuwa amelikataa kanisa miaka mingi. Akiingia majini, wengine wataingia. Akigeuka, watageuka wote.

Ndipo Khaemba, seremala wa shamba, akasimama mbele ya chati ya Biblia ambayo mchungaji alikuwa ameituma wiki hiyo. Akasoma kwa sauti: "Kifo cha Herode, mwaka wa nne kabla ya Kristo." Akaangua kicheko. "Mwalimu, kumbe ni maiti iliyokuwa ikiwinda mtoto kule Bethlehemu!"

Hakuna aliyecheka naye. Mzee Kemboi alikuwa ameshashika fimbo yake, tayari kuondoka.

"Mkwe wangu, ulinieleza huyo mfalme alituma watu waue watoto. Sasa karatasi yenu wenyewe inasema alikuwa kaburini. Mwongo ni nani, wewe ama karatasi?"

Mtu hashindani na baba wa mkewe mbele za watu. Kosgei angeweza kusema wachapaji wamekosea, yaishe. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini je, mchungaji akisema kesho chati ni sawa? Nje, ng'ombe walikuwa wameanza kujisogeza zizini.

"Nijibu, mwalimu."

Kosgei akainamisha macho. "Mzee, kwa heshima, nikuulize. Kipande chako cha kitambulisho kinasema ulizaliwa lini?"

"Kile cha karani? Alinitazama meno kama ng'ombe wa mnada, akaandika 1898."

"Na cha ndugu yako mdogo, Kipsang?"

"Huyo kwa sababu ya mvi zake aliandikiwa 1894."

"Miaka minne kabla yako."

"Upuuzi! Kipsang nilimbeba mgongoni mimi!"

"Ulimbeba kabla hujazaliwa?" akadakia Jelagat, bibi wa rika la mzee aliyezoea kumchokoza. Banda zima likacheka, isipokuwa mzee na mkwe wake.

"Mchungaji aliwahi kutuambia," Kosgei akasema, "kwamba miaka hii ilihesabiwa na mtu aliyeishi mamia ya miaka baada ya Yesu. Sikuelewa ina maana gani. Sasa nadhani alikosea, kama karani wako. Herode alikuwa hai mtoto alipozaliwa. Kwa hivyo mtoto alizaliwa mapema kuliko tunavyohesabu."

"Unadhani?"

"Nadhani, mzee. Mwaka wenyewe siujui."

"Na hii 1955 uliyotufundisha?"

"Huenda imepita zamani."

Kengele ikalia. Hakuna aliyethubutu kuinuka. Mzee Kemboi alienda mpaka mlangoni, akasimama akiwapa mgongo.

"Ungewasingizia wachapaji," akasema, "kesho mngeenda mtoni bila mimi. Haya, kimbia ukakamue kabla hujafukuzwa. Na umwambie Jepkoech anifulie shati."