Dole Gumba na Raba Mbili Nyeusi

Mume wangu ni fundi viatu, lakini watu wa mpira wa meza hawamjui kwa viatu. Wanamwita Dole Gumba. Kila mwenye raketi katika ukumbi ulio nyuma ya kibanda chetu humletea yeye raba za kubandika, kwa sababu ana gundi, ana kisu kikali, na ana kidole gumba ambacho, kwa maneno yake mwenyewe, hakijawahi kusema uongo.

Raba ikifika, huitoa kwenye pakiti, pakiti akaitupa kwenye pipa bila hata kuisoma, kisha akabonyeza. "Karatasi inasema anachotaka muuzaji," huwaambia. "Kidole kinasema kilichomo." Akibonyeza anajua sifongo ya ndani ni ngumu au laini, akipitisha kidole juu anajua inanata au inateleza. Ndipo anamuuliza mtu anachezaje. Anayesimama karibu na meza na kuuzungusha mpira humpa inayonata. Anayepiga kwa nguvu zake zote humpa ngumu, maana laini ikipigwa sana inazama na mpira unaishia wavuni. Anayejihami, yule anayekaa mbali na kurudisha kila kinachokuja mpaka mwenzake achoke, humbandikia raba yenye vipele virefu upande mmoja, na upande wa pili raba laini, ya polepole, isiyokimbia mkononi.

Binti yetu wa mwisho ni wa kujihami. Hakufundishwa, ndivyo alivyo. Ukimgombeza anakuacha umalize yote, halafu anajibu neno moja, unabaki huna pa kushika. Subira hiyo sijui kaitoa wapi, kwa sababu mimi sina, na baba yake ndiyo kabisa.

Miezi michache iliyopita nilimpa mume wangu chai kwenye kikombe cha bati, imetoka jikoni inachemka. Mimi nilikishika kwa kitambaa. Yeye alikikumbatia kwa mikono miwili, akaendelea kupiga soga. Jioni vidole vikatoka malengelenge. Nilipomuuliza, akasema ni gundi. Ana sukari, mwaka wa nne huu, na vidonge anameza siku akikumbuka. Nilijua pale pale kwamba vidole vimekufa ganzi, nikanyamaza. Nilijiambia, mwanamume ukimnyang'anya kitu ambacho watu wanamwitia jina, atabaki na nini? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kuhusu mke wa mficha maradhi hawakusema lolote, na mimi nikajificha hapo.

Basi timu ya ukumbi ule ikawa imebakiza nafasi moja tu, na binti yetu akapangiwa mechi ya kuigombea. Siku moja kabla, alimletea baba yake raketi abadilishiwe raba nyeusi iliyochakaa. Siku hiyo hiyo kinyozi wa jirani naye akaleta yake. Kinyozi huyo hupiga mpira kana kwamba umemtukana mama yake. Raba mbili nyeusi, unene mmoja, zikalala mezani, pakiti zimeshatupwa. Nilikuwa nimekaa pale nashona kifungo. Nilimwona akibonyeza ya kwanza, akabonyeza ya pili, akairudia ya kwanza. Katika miaka yote hiyo sijawahi kumwona akirudia. Nikaendelea kushona kifungo changu.

"Hii ya mtoto," akasema.

Kesho yake nilikwenda ukumbini. Mipira ya binti yangu, ile anayoirudisha taratibu kama anamrudishia mtu chenji, ilikuwa inapitiliza meza mmoja baada ya mwingine. Na raketi hairuhusiwi kubadilishwa katikati ya mechi, labda ivunjike. Alifungwa seti tatu kwa bila. Alipotoka hakulia, na hilo ndilo lililonitisha.

Raketi ikakaa siku tatu chini ya kitanda. Siku ya nne akaja kibandani, baba yake akiwa anagonga soli, akasema, "Nimeacha."

"Umeacha nini?" nikamuuliza.

"Kucheza. Mkono wangu umeharibika, mama. Tangu tunapasha misuli moto niliona mpira unaruka kuliko nilivyotaka."

Nikamuuliza, "Sasa mbona hukufikiria labda ni raba?"

Alinitazama kama nimeuliza upuuzi. "Raba si kabandika baba?"

Nyundo ilisimama kidogo, ikaendelea. Mara kinyozi akaingia akipunga raketi yake.

"Shikamoo mzee. Hii raba yako imelala fofofo! Nikipiga inaumeza mpira, unadondoka wavuni. Wateja wananicheka mpaka kwenye kiti cha kunyolea."

Mume wangu akaipokea, akabonyeza. "Hii ni ngumu. Mkono wako ndio umelegea, punguza kunyoa."

Kinyozi akacheka. Binti hakucheka. Aliichukua raketi mkononi mwa baba yake, akabonyeza mara moja tu. Kumbe kidole kile alikirithi, na mimi sikuwahi kuona.

"Baba, hii ni laini," akasema polepole. "Hii ndiyo yangu."

Kinyozi akakumbuka ghafla kwamba ana mteja, akaondoka bila raketi. Mume wangu alivitazama vidole vyake, akavisugua kwenye aproni. Kisha akanigeukia mimi, si mtoto.

"Mama watoto, ulijua?"

"Tangu siku ya kile kikombe."

"Na ukaniacha nimbandikie mtoto."

Mimi ni mwanamke wa kujibu. Miaka ishirini na saba hajawahi kunishinda kwa maneno. Siku hiyo niliinama nikaanza kuokota misumari ya viatu sakafuni. Binti alinitazama mimi, akamtazama baba yake, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo bado inaniuma.

Mume wangu akainuka. Akalimwaga pipa sakafuni, lilikuwa halijamwagwa wiki nzima, akapiga magoti katikati ya vipande vya ngozi akitafuta kwa macho, maana mikono haikumsaidia. Akazipata pakiti mbili zilizokunjamana. Akazinyoosha juu ya paja, moja baada ya nyingine, akamkabidhi binti.

"Nisomee," akasema.