Fomu Kumi na Tisa, Mkono Mmoja

Mimi ndiye niliyewaapia. Nilitoka Jinja, ofisi kuu ya kampuni yetu ya sabuni, na boksi la fomu za maoni ya wafanyakazi wa kiwanda cha Mbale. Nikawakusanya wanawake kumi na tisa wa chumba cha kufungashia, nikawaambia waandike lolote linalowakera, maana hakuna atakayeulizwa jina. Niliamini kila neno nililosema, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sikujua kwamba wanawake wale, kila chenye kuandikwa humpelekea mwenzao mmoja: fomu za shule za watoto, barua za msamaha, hata orodha ya michango ya msiba. Alikuwa Mnubi wa makamo, mwenye mwandiko wa kulala upande, safi kabisa. Saa ya chakula walipanga foleni mbele yake, kila mmoja akasema lake, naye akaandika. Karibu zote zilisema jambo moja: mlango wa nyuma hufungwa kwa kufuli wakiwa ndani, nao wanaogopa moto.

Meneja wa kiwanda alizitandaza mezani. Akasema ni mchochezi mmoja aliyezijaza zote, basi ni za kutupwa. Nilipandwa na hasira. Nikamwambia huyo si mchochezi, ni mama tu anayewaandikia wenzake. Akaniuliza kwa upole ni mama yupi. Nami, kwa mdomo wangu huu, nikamtaja, nikidhani namtetea.

Wiki ile ile alifukuzwa kazi. Nilimkuta sokoni Mbale, ameketi nyuma ya mafungu ya nyanya, nikamwomba radhi. Alinitazama bila hasira. Heri angenitukana.

“Mtoto yangu,” akasema, “wewe ulisema hakuna jina. Sasa jina ulitoa wewe.”

Nilinunua nyanya nisizozihitaji, nikaondoka.

Mwaka uliofuata nilirudishwa kule na boksi jingine. Safari hii kila mmoja alijaza fomu yake mwenyewe, wengine kwa kuweka alama tu, na wote waliridhika na kila kitu. Meneja akachekelea, akasema sasa wafanyakazi wanaipenda kazi yao. Ofisi kuu ikampongeza.

Nilipolibeba boksi kwenda garini nilipita ua wa nyuma. Wanawake walikuwa ndani, zamu yao imeanza. Mlangoni palikuwa na kufuli jipya, kubwa kuliko lile la zamani.