Joto la Doki

Katibu muhtasi wetu alikuwa akifika ofisini kabla ya wote, kajifunga kitenge juu ya sweta. Kabla hajakaa, anachomeka kwenye laptopu waya wa USB-C unaotoka kwenye doki, kile kisanduku kinacholeta umeme, skrini na kibodi kwa waya mmoja. Kisha anakiwekea viganja juu. Kikichaji kinapata joto, na baridi ya Sumbawanga mwezi wa saba haina adabu. Hata hapo vidole vyake vilinyanyuka juu kama vya mpiga taipureta wa zamani. Asubuhi moja nikamwambia, "Mama, betri imeshajaa, chomoa tu."

"Najua imejaa, mwanangu. Kule kwetu Izia, nikiwa mdogo, mama yangu alikuwa anaota moto jikoni, viganja vikishika joto anatuziba masikio, ndiyo tunaenda shule." Akainuka, akaniziba masikio. Ofisi nzima ikanyamaza masikioni mwangu.

Alistaafu mwaka jana, doki ikahamia mezani kwangu. Kila asubuhi nachomeka waya, nasubiri joto, najiziba masikio. Joto linafika vizuri tu, ila ofisi hainyamazi.